Chumvi Kwenye Maji ya Paa

"Soma mstari wa chini," Sajini Delmira Furbert alisema, akaitupa ripoti ya maabara juu ya sahani ya Inspekta Simons, juu kabisa ya mkate wake wa samaki.

Inspekta hakusoma. Aliiondoa karatasi kwa ncha ya kidole, akakagua kama mkate wake umesalimika, akaendelea kutafuna. Harcourt Simons alikuwa mkubwa wa upelelezi miaka kumi na moja sasa, na hakuna aliyewahi kumwona akibadilisha mawazo kabla hajamaliza kula.

"Nimeshaisoma. Sumu ya magugu. Ipo kwenye chupa ambayo mpwa wa marehemu aliileta hospitali, ipo tangini, ipo tumboni mwa Bi Ianthe. Na kopo la sumu hiyo hiyo tumelikuta kwenye gari la yule Mreno. Unataka nini tena, Delmira? Malaika ashuke aandikishe maelezo?"

"Mstari wa chini."

"Chumvi. Ndiyo. Nimeona."

"Chumvi nyingi. Kwenye chupa na kwenye tangi."

"Tunaishi kisiwani. Ukitoka mlangoni ukatema mate, unatemea bahari."

"Bahari haipandi juu ya paa mwezi wa Mei. Upepo wa maana tuliupata Oktoba. Maji ya paa hayana chumvi, bwana mkubwa, na wewe umeyanywa tangu unazaliwa."

Simons aliweka mkate chini. Hakuwa ameshawishika, alikuwa amekasirika.

"Sikiliza. Rosalvo Pacheco anasomewa mashtaka saa tisa. Alipaka chokaa paa la mjane, akaliosha kwanza kwa sumu ili aue ukungu, kitu ambacho sheria inakataza na yeye anajua inakataza. Kisha hakuziba mfereji. Mvua ikapiga, uchafu wote ukashuka tangini, mama wa watu akanywa. Mtaa mzima umeshajua, umeshamvunjia vioo vya gari. Nikimwachia leo, kesho watamvunja yeye."

Saa ya ukutani ilionyesha saa tano kasoro dakika chache.

"Basi nina saa nne," Delmira alisema.

"Una saa nne za kujiaibisha. Funga mlango ukitoka."

Bermuda haina mto wala ziwa. Sheria inataka kila nyumba ijikingie mvua yake yenyewe: paa jeupe, mfereji, na tangi chini ya nyumba, na tangi lisafishwe, na paa lisiguswe na kitu kinachodhuru. Watu wanaitetea sheria hiyo kuliko amri kumi za Mungu. Ukimwibia mtu pikipiki atakushtaki, lakini ukimchafulia tangi atakuchukia mpaka kwa wajukuu. Ndiyo maana Pacheco, fundi wa kupaka mapaa kwa miaka ishirini, baba wa watoto watatu, hakupata hata jirani mmoja wa kumsemea. Akishasomewa yale mashtaka, hata akishinda kesi baadaye, hakuna nyumba itakayompandisha ngazi tena.

Gari lake bado lilikuwa njia ya Lindley, limekaa juu ya vioo vyake. Mtu alikuwa amechukua chokaa cha Pacheco mwenyewe akaandika ubavuni MUUAJI kwa herufi kubwa.

Upande wa pili wa ukuta wa nyumba ya marehemu, Bi Eulalie Trott alikuwa anaanika mashuka. Mama wa miaka sabini na kitu, mjane kama jirani yake aliyekufa, na domo lake lilijulikana parokia nzima ya Warwick. Kisiwani hapa mtu asiyesalimia kabla ya kuuliza hata njia haonyeshwi, kwa hiyo Delmira alivua helmeti ya pikipiki kwanza.

"Habari za asubuhi, Bi Eulalie."

Bi Eulalie alikung'uta shuka.

"Nimesema habari za asubuhi."

"Nimesikia. Mimi bado niko hai, si kama Ianthe."

Kutoitikiwa salamu ni tusi, na Delmira alilimeza kwa sababu alikuwa na kazi. "Nina maswali machache tu."

"Mmekuja hapa mara tatu na maswali. Mreno mnamlisha bure huko, sisi tunatafuta nguo za kuzikia. Mwaka gani mmewahi kuja hapa kwa heri?"

"Ulimwona akiziba mfereji kabla hajapaka?"

"Nilimwona na gunia mkononi. Alikolipeleka sijui, mimi si mlinzi wa mifereji."

"Na mvua ilinyesha lini?"

"Jumanne, saa kumi jioni, dakika arobaini. Unaniuliza mvua kama mtalii?"

"Nyumba ya Bi Ianthe ina kisima?"

Kibanio cha nguo kilibaki kati ya vidole vya Bi Eulalie. Alikitazama kana kwamba ndicho kilichoulizwa.

"Muulize mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba amekufa."

"Basi muulize anayejifanya mwenye nyumba." Alibeba beseni lake, akaingia ndani, akaubamiza mlango mpaka vigae vikalia.

Delmira aliandika kwenye daftari: kisima, anajua, hasemi.

Konstebo Bascome alikuwa amekaa kwenye ngazi za nyumba ya marehemu, akilinda utepe wa idara ya afya. Alibakiza miaka miwili kustaafu na alikuwa ameanza mapema. Alipomwona Sajini aliinuka nusu, akakumbuka mgongo wake, akakaa tena.

"Mpwa yumo?"

"Yumo. Anapokea keki za msiba na hajanipa hata kipande."

Kenrick Lightbourne alitoka mwenyewe barazani. Aliondoka kisiwani akiwa na miaka kumi na tisa, akaishi Toronto miaka ishirini na moja, na alikuwa amerudi wiki tatu tu zilizopita kumtembelea shangazi yake. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi vizuri mno kwa mtu aliyefiwa. Hakumkaribisha Delmira. Alikaa kwenye kiti cha fito, miguu yake juu ya mfuniko wa saruji ambao watu wa afya walikuwa wameuzungushia utepe.

"Sajini, shangazi yangu bado yuko mochari. Nimeshatoa maelezo."

"Nieleze tena. Mimi mzito wa kuelewa."

"Hilo naliona."

"Vizuri, tumeelewana. Jumatano asubuhi."

Kenrick alieleza kama mtu anayemsomea mtoto mjinga. Shangazi aliamka, akanywa chai yake ya tangawizi. Saa tatu akaanza kutapika. Saa tano wako hospitali. Daktari akauliza amekunywa nini, na yeye Kenrick akarudi mbio nyumbani, akajaza chupa ya maji, akaipeleka. Kisha akazima pampu ili mtu mwingine asidhurike. Watu wa afya walipofika akawaonyesha tangi, wakafungua mfuniko huu hapa, wakateka, wakakuta sumu ile ile.

"Chupa uliijaza wapi?"

"Bomba la jikoni."

"Si kwa ndoo? Si tangini moja kwa moja?"

"Bomba la jikoni. Andika kwa herufi kubwa ukitaka."

Delmira aliandika kwa herufi kubwa. Akaligeuza daftari, akampa kalamu. Kenrick akasaini kwa nguvu mpaka karatasi ikatoboka.

"Na Jumanne, mvua ilipopiga, ulikuwa wapi?"

"Chumbani kwangu, hapo nyuma yako. Nikasikia maji yanaingia kwenye tangi hili. Hapo nikajua yule mpumbavu hakuziba mfereji. Nimekulia kwenye chumba hicho, Sajini. Mlio wa tangi hili naujua kuliko sauti ya mama yangu."

"Ukajua, na hukumwambia shangazi yako asinywe."

"Chokaa kidogo hakijawahi kuua mtu. Kuhusu sumu nilijuaje?"

Lilikuwa jibu zuri, na lilimkera Delmira kwa sababu lilikuwa zuri.

"Nikwambie kitu," Kenrick aliendelea. "Mnahangaika kumtoa Mreno kwa sababu hamna wa kuwapakia mapaa. Nina wakili. Ukirudi hapa mara ya pili bila karatasi ya mahakama, utaongea naye."

"Sitarudi mara ya pili. Naomba funguo za banda la pampu."

Alizitoa mfukoni, akazitupa sakafuni karibu na viatu vyake. Delmira alizitazama. Hakuinama.

"Umeangusha funguo zako, bwana Lightbourne."

Keki za msiba zilikuwa mezani nyuma yao na nzi mmoja alikuwa anazizunguka. Mwishowe Kenrick aliinama, akaziokota, akampa.

Banda lilikuwa nyuma ya nyumba, na ndani yake mlikuwa na pampu mbili. Hapo Delmira alisimama kidogo. Ya kwanza ilikuwa safi, ya kijani, imefutwa mafuta. Ya pili ilikuwa imeliwa na kutu mpaka ngozi inabanduka, na kwenye maungio yake palikuwa na ukoko mweupe. Aliugusa ukoko huo kwa ukucha, ukamomonyoka. Chumvi. Juu ya rafu, katikati ya vumbi, palikuwa na duara safi la ukubwa wa kopo. Kopo lenyewe halikuwepo.

Kenrick alikuwa amezima swichi kuu, ile ya ukutani, na kila kitu kikafa kwa pamoja. Delmira aliiwasha. Akawasha pampu ya kijani peke yake, akaenda jikoni, akafungua bomba. Maji yakaja. Akarudi, akazima ya kijani, akawasha ya kutu, akaenda tena jikoni. Bomba likakohoa, likakauka. Akaenda chooni akavuta, na choo kikajaa mpaka juu.

Alimwita Bascome.

"Chukua ngazi na ndoo ya maji. Panda, umimine juu ya paa, yaingie mfereji."

"Mimi?"

"Ndiyo, wewe."

"Miaka miwili nistaafu, Sajini. Unataka nife kwenye ngazi ya marehemu?"

"Ukifa nitakuandikia ripoti nzuri."

Alipanda akilalamika kila kidato. Delmira alirudi barazani, akasimama kando ya Kenrick, miguu yao yote minne juu ya ule mfuniko.

"Huu mchezo gani?" Kenrick aliuliza.

"Kizibo hakipo, mfereji uko wazi. Wewe unaujua mlio wa tangi hili. Niambie ukiusikia. Bascome, mimina."

Maji yaligonga paa, yakateleza kwenye mawe yake yaliyopangwa kama ngazi, yakaingia mfereji. Waliyasikia yakikimbia juu ya vichwa vyao, yakipita baraza, yakienda zao. Chini ya miguu yao hapakuwa na kitu. Kutoka ndani ya nyumba, upande wa jikoni, ukaja mlio mzito wa maji yanayoangukia maji.

Kenrick aligeuza shingo kuufuata. Ilikuwa mara ya kwanza tangu asubuhi uso wake kufanya kitu ambacho hakukipanga.

"Bado unaujua?" Delmira aliuliza.

Hakumsubiri. Aliingia jikoni, akafungua mlango wa stoo, akavuta gunia la viazi pembeni na zulia la plastiki lililokuwa chini yake. Palikuwa na mfuniko wa mbao na ukingo wa saruji. Kwenye saruji, kwa kidole cha fundi, palikuwa pameandikwa C. Trott na mwaka: miaka kumi na miwili iliyopita. Delmira aliunyanyua mfuniko, akawasha tochi. Maji yalikuwa na wingu jepesi la chokaa, na ndani ya wingu hilo samaki wadogo, wale wanaowekwa kula viluwiluwi vya mbu, walikuwa wanazunguka wakiufuata mwanga. Alihesabu wanane. Wote wazima.

Kenrick alikuwa amesimama mlangoni mwa stoo.

"Hili ndilo tangi la kunywa," Delmira alisema. "Jiko liliongezwa, mfereji ukahamishwa. Lile la barazani likaachiwa maji ya kisima, ya kuvutia choo. Ndiyo maana lina chumvi, kama visima vyote vya kisiwani. Mvua ya Jumanne iliingia humu, na humu samaki wanacheza. Pacheco angeosha paa kwa sumu, hawa wangekuwa wameelea tumbo juu tangu Jumanne jioni."

"Basi alimimina kule barazani. Kwa makusudi. Mkamateni kwa kuua."

"Ameosha mifereji ya nyumba hii miaka tisa. Anajua maji yanakokwenda. Mtu mmoja tu kwenye nyumba hii ndiye hakujua."

"Hilo si ushahidi."

"Sijafika kwenye ushahidi. Maji ya barazani yanakwenda chooni na hayaendi kwingine. Shangazi yako hakuchemshia chai chooni. Kwa hiyo sumu ilitiwa kikombeni moja kwa moja. Sasa chupa. Maabara wanasema ina chumvi. Bomba la jikoni halijawahi kutoa chumvi. Chupa ile ilijazwa kwa kuinua mfuniko wa barazani, baada ya mtu kumimina humo sumu iliyobaki kwenye kopo lililokuwa kwenye rafu ya banda, lile lile tulilolikuta kwenye gari la Pacheco. Wewe umeniandikia, kwa saini, kwa nguvu kabisa, kwamba uliijaza jikoni."

Bascome alikuwa ameshashuka. Alisimama mlango wa nje na ndoo yake tupu, akaziba njia bila kuambiwa.

Kenrick alilitazama lile shimo la stoo. Alipozungumza hakuwa anajitetea tena, alikuwa anamlaumu mtu.

"Kila Krismasi alinitumia kadi. Miaka ishirini na moja. Ameniandikia paka kafa, mchungaji kahama, sijui nani kaoa nani. Hakuniandikia hata siku moja kwamba amehamisha mfereji."

"Kwa nini, Kenrick?"

"Nilimwomba auze. Nilimwomba vizuri. Akaniambia atafia hapa." Alicheka kidogo, kicheko kibaya. "Mzee mkaidi."

"Geuka. Mikono nyuma."

"Mchawi wewe."

"Nimeitwa vibaya zaidi leo, na haijafika saa nane. Mikono."

Walipomtoa, Bi Eulalie alikuwa ameshasimama ukutani, mashuka yake hayajakauka na yeye anajifanya anayatoa. Aliziona pingu. Aliona zipo mikononi mwa nani.

"Habari za mchana, Sajini," alisema.

Delmira hakuitika. Alimwingiza Kenrick kwenye gari la polisi alilokuja nalo Bascome, akamkabidhi kwake, ndipo akausogelea ukuta.

"Saruji ya tangi jipya ina jina la marehemu mumeo."

"Clarence alikuwa fundi mzuri."

"Watu wa afya wamekuja wamefungua tangi la choo, wakasema ndilo la kunywa. Wewe umesimama hapa ukawatazama."

"Hakuna aliyeniuliza."

"Mimi nilikuuliza."

"Uliuliza kisima," Bi Eulalie alisema. "Hukuuliza mfereji."

Delmira alitaka kumpa vidonge vyake hapo hapo. Lakini hakuna sheria inayomlazimisha jirani kufungua mdomo, na ilikuwa saa nane na nusu. Alipiga simu kituoni.

"Umehakikisha?" Simons aliuliza.

"Njoo unywe mwenyewe. Nina mtu kwenye pingu na saini yake kwenye daftari."

Simons alipumua puani. "Basi kamtoe wewe. Mimi sitaki kumwona."

Rosalvo Pacheco alikuwa amekaa mwisho wa benchi la mahabusu, mikono katikati ya magoti. Chokaa bado kilikuwa kwenye mikunjo ya vidole vyake, na mdomo ulikuwa umevimba kwa ngumi aliyopigwa siku ya kukamatwa, mtaani, mbele ya polisi wawili ambao hawakuona kitu. Mlango ulipofunguliwa alisimama haraka, kwa hofu.

"Tayari? Saa tisa?"

"Hakuna mahakama," Delmira alisema. "Uko huru. Ni mpwa wake. Mkeo yuko nje, nimempigia simu."

Pacheco hakusogea. Alirudia maneno hayo kwa Kireno, taratibu, kama anayajaribu. Kisha akauliza, "Umejuaje?"

"Mfereji. Unaelekea jikoni. Tangi la barazani ni la kisima."

Pacheco alitikisa kichwa.

"Mimi nilikwambia," alisema.

"Lini?"

"Alhamisi. Chumba kile, meza ile. Nilisema mfereji jikoni, baraza maji ya kisima. Nilisema mara mbili. Bwana mkubwa akasema nijibu nilichoulizwa."

Delmira alifungua jalada alilokuwa amelishika. Maelezo ya mtuhumiwa, kurasa nne. Alizipitia moja moja, pale pale mlangoni, kuanzia jina na tarehe mpaka saini. Kulikuwa na gunia, kulikuwa na kopo, kulikuwa na saa aliyopanda na saa aliyoshuka. Kisima hakikuwemo. Jiko halikuwemo.

"Inspekta Simons hana subira," alisema. "Mambo mengine hakuyaandika."

"Yeye hakuandika chochote," Pacheco alisema. "Kalamu ulikuwa nayo wewe."

Alichukua kofia yake benchini. Delmira akasogea kando ya mlango ampishe.